Je, Nyotamkia Hubadili Njia Ipitapo Karibu na Jua?

Katika siku za mwisho za Septemba 2024, mtu aliyesimama kabla ya mapambazuko katika pwani iliyo karibu na Tegeta, mahali ambapo bahari yote iko mashariki na hakuna jengo la kuzuia macho, angaliweza kuona juu kidogo ya maji nyota yenye mkia, ikiwa anga halikuwa na mawingu. Wiki mbili baadaye mtu huyo huyo hangaliiona tena upande ule. Ilikuwa imehamia magharibi, upande wa kilima cha Wazo, nayo ilionekana muda mfupi baada ya Jua kuchwa.

Hiyo ilikuwa nyotamkia Tsuchinshan–ATLAS, iliyopewa jina la vituo vilivyoigundua mwaka 2023, kimoja cha China na kingine chenye darubini yake Afrika Kusini. Tarehe 27 Septemba 2024 ilipita umbali wa kilomita milioni 59 hivi kutoka Jua, na tarehe 12 Oktoba ikapita umbali wa kilomita milioni 71 hivi kutoka Dunia. Kuhama kwake kutoka anga la alfajiri hadi anga la jioni huzusha swali ambalo wanafunzi hulirudia kila ionekanapo nyotamkia: Je, Jua liligeuza njia yake?

Jibu la haraka ni ndiyo, kwa sababu nguvu ya mvutano wa Jua ni kubwa mno. Jibu hilo lina kosa ndani yake, na ni kosa la maana, kwa sababu asiyeliona hawezi kufahamu jinsi wanafalaki wanavyotabiri siku ya kurudi kwa nyotamkia, wala kwa nini utabiri huo wakati mwingine hukosea.

KUPINDA SI KUBADILIKA

Njia ya nyotamkia hupinda sana karibu na Jua. Tsuchinshan–ATLAS ilikuja ikitoka mbali sana, ikalizunguka Jua, ikaondoka kuelekea karibu upande ule ule wa anga ilikotoka. Lakini kupinda huko ndiko njia yenyewe. Johannes Kepler alionyesha mwaka 1609 kwamba njia ya sayari ni duaradufu, na kwamba Jua haliko katikati ya duaradufu hiyo bali kando, karibu zaidi na ncha moja kuliko nyingine. Isaac Newton akaeleza sababu yake mwaka 1687. Duaradufu za sayari hukaribia kuwa duara. Za nyotamkia ni ndefu na nyembamba kama mtumbwi. Nyotamkia ya Halley, kwa mfano, huwa kilomita milioni 88 kutoka Jua inapofika ncha ya karibu, na kilomita milioni 5,250 inapofika ncha ya mbali, ng'ambo ya sayari Neptuni. Katika ncha ya karibu huenda zaidi ya kilomita 54 kwa sekunde. Katika ncha ya mbali haifikii hata kilomita moja kwa sekunde.

Kwa hiyo swali lenyewe linafaa kuulizwa hivi: duaradufu ambayo nyotamkia huondokea ni ile ile iliyojia? Ikiwa ni ile ile, njia haikubadilika, hata kama imepinda namna gani. Ikiwa ni nyingine, imebadilika.

Kama ulimwenguni pangekuwa na Jua na nyotamkia tu, na nyotamkia ingekuwa jiwe zima lisilotoa kitu, basi njia isingebadilika. Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa bakuli na gololi. Gololi ikiachwa kwenye ukingo wa bakuli hushuka ikiongeza kasi, hupita chini kabisa kwa kasi kubwa, kisha hupanda upande wa pili ikipoteza kasi ile ile iliyoipata. Isingekuwa msuguano, ingefika kimo kile kile ilikoanzia. Bakuli haliipi gololi nishati yoyote ya kubaki nayo: lililokopeshwa wakati wa kushuka hulipwa wakati wa kupanda. Ndivyo lilivyo Jua kwa nyotamkia. Ukubwa wa nguvu ya Jua hauna athari katika hesabu hii. Jua lingekuwa zito mara mia, mkopo ungekuwa mkubwa mara mia na malipo vilevile. (Nadharia ya Einstein ya mwaka 1915 huongeza kwamba duaradufu yenyewe huzunguka kidogo sana katika ndege yake; lakini ukubwa na umbo lake hubaki vile vile.)

TAREHE ZA HALLEY

Hata hivyo, njia za nyotamkia hubadilika. Uthibitisho wake hauhitaji darubini bali karatasi na kalamu. Nyotamkia ya Halley ilifika ncha yake ya karibu tarehe 15 Septemba 1682. 13 Machi 1759. 16 Novemba 1835. 20 Aprili 1910, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Wajerumani. Na 9 Februari 1986, miezi miwili kabla ya kukaa vizuri katika anga la kusini la Dar es Salaam. Inatazamiwa tena tarehe 28 Julai 2061. Wanafunzi na watoe tarehe moja kutoka nyingine. Watapata miaka 76 na miezi 6. Miaka 76 na miezi 8. Miaka 74 na miezi 5. Miaka 75 na miezi 10 kasoro kidogo. Na safari ijayo miaka 75 na miezi 5 na nusu. Kama duaradufu ingekuwa moja tu, vipindi hivi vyote vingelingana hadi dakika.

Edmond Halley mwenyewe aliliona tatizo hilo alipochapisha hesabu zake mwaka 1705, na akaitilia shaka Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote. Kazi nzito ilifanywa nchini Ufaransa mwaka 1758. Alexis Clairaut, akisaidiwa na Jérôme Lalande na mwanamke mwanahisabati Nicole-Reine Lepaute, alihesabu hatua kwa hatua namna Mshtarii na Zohali zilivyoivuta nyotamkia ile katika safari yake yote. Walikaa kwenye hesabu kwa miezi, bila mashine yoyote. Wakatangaza kwamba ingechelewa siku 618: siku 518 kwa sababu ya Mshtarii na 100 kwa sababu ya Zohali, na kwamba ingefika ncha ya karibu katikati ya Aprili 1759. Ilifika tarehe 13 Machi. Kwa kazi ya mkono, na kabla Urano na Neptuni hazijajulikana, kukosea kwa mwezi mmoja tu katika miaka 76 ni jambo la kustahiwa.

LORI NA BAISKELI

Kwa nini Mshtarii iweze jambo ambalo Jua, lenye tungamo la kiasi cha mara elfu moja zaidi, haliwezi? Sababu ni kwamba Mshtarii inatembea. Bakuli lililotulia haliipi gololi nishati. Bakuli linalosukumwa huipa. Anayepita barabara ya Bagamoyo kupitia Tegeta pengine amewahi kuona kijana mwenye baiskeli ameshika nyuma ya lori la saruji litokalo Wazo, akavutwa bila kukanyaga pedali. Ni mchezo wa hatari usiofaa kuigwa, lakini fizikia yake ni sahihi: baiskeli hupata nishati kutoka kwenye kitu kinachokwenda, si kutoka kwenye kitu kilichosimama. Nyotamkia ikikatiza nyuma ya Mshtarii huvutwa mbele na kuongezewa nishati. Duaradufu yake hurefuka, au hata hufunguka ikawa nyotamkia haitarudi tena. Ikikatiza mbele ya Mshtarii huvutwa nyuma na kupunguziwa nishati, nayo duaradufu hufupika. Mshtarii nayo hupoteza au hupata kiasi kile kile, lakini kwa ukubwa wake ni kama lori lisilohisi baiskeli.

Mambo haya hutukia mbali na Jua, mara nyingi miezi au miaka kabla nyotamkia haijaonekana kwa macho. Basi anayeona nyotamkia imelizunguka Jua na kuondoka kwa njia mpya hulisingizia Jua kazi iliyofanywa na Mshtarii.

Mfano mzuri ni nyotamkia Hale–Bopp, iliyogunduliwa mwaka 1995 na kung'aa sana mwaka 1997, hasa kwa watu wa kaskazini mwa dunia. Ilipokuwa ikija, kipindi chake kilikuwa miaka 4,200 hivi. Aprili 1996 ilipita umbali wa kilomita milioni 115 kutoka Mshtarii, umbali ambao hauwezi kuitwa karibu. Ilipoondoka kipindi chake kilikuwa miaka 2,500 hivi. Miaka 1,700 ilikatwa kwa mpito mmoja.

Kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, inafaa kuuliza ni badiliko kubwa kiasi gani la kasi lililoweza kufanya hivyo. Kwa kanuni ya tatu ya Kepler, mraba wa kipindi kwa miaka ni sawa na kipeo cha tatu cha nusu ya urefu wa duaradufu, umbali wa Dunia kutoka Jua ukiwa ndicho kipimo. Kipindi cha miaka 4,200 hutoa nusu-urefu wa 260. Cha miaka 2,500 hutoa 184. Kasi katika ncha ya karibu hutokana na mlinganyo

v² = 887 (2/q − 1/a)

ambamo v ni kilomita kwa sekunde, q ni umbali wa ncha ya karibu, na a ni nusu-urefu. Kwa Hale–Bopp, q ni 0.914. Kasi ya njia ya kwanza ni kilomita 44.017 kwa sekunde, na ya njia ya pili ni 44.001. Tofauti ni mita 16 kwa sekunde, yaani kilomita 58 hivi kwa saa: mwendo wa daladala barabara ikiwa wazi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Nyotamkia zitokazo mbali huja zikiwa karibu sana na mpaka uliopo kati ya kurudi na kutorudi. Juu ya mpaka huo nishati ni ndogo mno hata badiliko dogo la kasi huwa badiliko kubwa la kipindi. Tsuchinshan–ATLAS ilipita ncha yake ya karibu kwa kasi ya kilomita 67 hivi kwa sekunde. Nyotamkia ya kasi hiyo, ikiwa na upungufu wa mita moja tu kwa sekunde chini ya kasi ya kutoroka, itarudi baada ya miaka nusu milioni. Ikiongezewa mita hiyo moja, hairudi kamwe. Mita moja kwa sekunde ni mwendo wa mtu atembeaye bila haraka.

Mabadiliko mengine ni ya ghafla zaidi. Tarehe 1 Julai 1770 nyotamkia iitwayo ya Lexell ilipita umbali wa kilomita milioni 2.2 tu kutoka Dunia, kiasi cha mara sita ya umbali wa Mwezi. Anders Lexell alihesabu kwamba kipindi chake kilikuwa miaka mitano na nusu hivi. Watu wakaitazamia, haikurudi. Ilibainika kwamba Mshtarii iliileta karibu mwaka 1767, na Mshtarii hiyo hiyo ikaitupa mbali mwaka 1779. Ndiyo sababu vituo vya kuchunguza anga havifungi daftari la nyotamkia kwa kuwa tu hesabu ya kwanza ilionyesha kuwa haina madhara kwa Dunia.

JUA LA SAA NANE

Mvutano wa sayari ukishahesabiwa wote, bado kitu kidogo hubaki. Johann Encke, mwanafalaki wa Kijerumani, alichunguza nyotamkia ambayo leo ina jina lake, yenye kipindi cha miaka 3.3. Aliona kwamba kila inaporudi huwahi kwa saa mbili na nusu hivi kuliko hesabu. Akadhani kwamba anga limejaa kitu chepesi kinachoikwamisha, hivyo duaradufu yake hufupika polepole. Wazo hilo lilikuwa la busara kwa wakati wake, ila lina kasoro moja. Nyotamkia ya Halley haiwahi. Huchelewa siku nne hivi kila safari. Kitu kinachokwamisha hakiwezi kuifupisha njia ya moja na kuirefusha njia ya nyingine.

Jibu lilipatikana mwaka 1950, pale Fred Whipple wa Marekani aliposema kwamba kiini cha nyotamkia ni pande la barafu iliyochanganyika na vumbi. Jua likilichoma, barafu hugeuka mvuke bila kuyeyuka kwanza, na mvuke hutoka kwa nguvu. Pulizo lililojazwa hewa na kuachwa bila kufungwa hurukia upande usio wa tundu. Kiini cha nyotamkia nacho husukumwa upande usio wa mvuke. Chombo cha Ulaya kiitwacho Giotto, kilichopita kilomita 600 hivi kutoka kiini cha Halley mwezi Machi 1986, kilipiga picha za kiini hicho, chenye urefu wa kilomita 15 hivi, na za michirizi ya mvuke na vumbi ikifoka upande ulioelekea Jua.

Lakini mvuke ukifoka moja kwa moja kuelekea Jua ungeisukuma nyotamkia mbali na Jua tu, wala usingeiharakisha wala kuichelewesha sana. Siri iko katika kuchelewa kwa joto. Mkazi wa Tegeta anajua kwamba Jua hufika utosini saa sita, lakini joto kali zaidi la mchana huja baadaye, saa saba au saa nane, kwa sababu ardhi na hewa huhitaji muda kupata joto. Kiini cha nyotamkia nacho hujizungusha, na mvuke mwingi hutoka kwenye uso wake ambao kwake "saa sita" imekwisha kupita. Ikiwa kiini hujizungusha kwa mwelekeo ule ule kinaozungukia Jua, uso wa alasiri huwa nyuma ya mwendo, mvuke hutokea nyuma, na nyotamkia husukumwa mbele: kipindi hurefuka. Kikijizungusha kinyume, mvuke hutokea mbele na kipindi hufupika. Sheria moja hueleza kuwahi kwa Encke na kuchelewa kwa Halley.

Hapa Jua linahusika kweli, ila si kwa mvutano wake bali kwa joto lake. Na kwa kuwa joto hukua haraka kadiri nyotamkia ikaribiavyo, kazi kubwa hufanyika katika majuma machache yanayozunguka ncha ya karibu.

NYOTAMKIA YA 1882

Iko njia moja tu ambayo mvutano wa Jua wenyewe hubadilisha mambo, nayo ni pale nyotamkia isipobaki nzima. Septemba 1882, Seyyid Barghash akitawala Unguja, nyotamkia ilitokea yenye mng'ao uliowezesha watu kuiona mchana, kando ya Jua. Tarehe 17 mwezi huo, wanafalaki katika Rasi ya Tumaini Jema waliifuata kwa darubini hadi ilipotoweka kwenye ukingo wa Jua. Ilipita kilomita 460,000 hivi juu ya uso wa Jua, kwa kasi ya kilomita 478 hivi kwa sekunde.

Kwa ukaribu huo, upande wa kiini ulioelekea Jua huvutwa kwa nguvu zaidi kuliko upande wa nyuma, kwa sheria ile ile inayoleta maji kujaa na kupwa katika pwani ya Kunduchi. Barafu dhaifu haikuhimili. Kabla ya mwisho wa Septemba kiini kilianza kuonekana kimerefuka, na mwezi wa Oktoba vilihesabika vipande kadhaa vilivyopangana kama shanga. Kila kipande kilikuwa na umbali wake kidogo tofauti kutoka Jua wakati wa kukatika, hivyo kila kimoja kilianza safari yake katika duaradufu yake. Nishati yote kwa jumla haikuongezeka. Iligawanywa tu kwa mafungu yasiyolingana.

Heinrich Kreutz alihesabu njia za vipande vinne, akapata vipindi vilivyo kati ya miaka 670 hivi na 960 hivi, vikipishana kwa kiasi cha karne moja. Mwanafunzi anayetumia mlinganyo uliotangulia, q ikiwa 0.00775, atapata kwamba karne moja katika vipindi hivyo ni tofauti ya mita moja hivi kwa sekunde katika ncha ya karibu. Vipande viliachana kwa mwendo wa mtu anayetembea. Cha kwanza kinatazamiwa katika karne ya 26, na cha mwisho katika karne ya 29.